Dawa ya ADHD: inasaidia kiasi gani, na mzazi wa Gare afanye nini isipopatikana

Wazazi wengi husikia neno ADHD kwa mara ya kwanza redioni, au kwa ndugu aliye Dar es Salaam au ng'ambo. Swali linalofuata huwa moja: je, kuna dawa? Ipo, na imetumika kwa zaidi ya miaka 60. Lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) limekataa mara mbili kuiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Kwa familia inayoishi Gare, milimani Lushoto, uamuzi huo wa Geneva unagusa mambo ya karibu kabisa: dawa kupatikana hospitalini, bima kuilipia, na mtoto kusaidiwa au kuendelea kuchapwa. Makala hii inaeleza dawa hiyo inafanya nini, kwa nini wataalamu wanatofautiana, na nini kinaweza kufanyika leo bila kuisubiri.

Tunazungumzia hali gani?

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto hushindwa kutuliza mawazo, au mwili, au vyote viwili, kuliko watoto wa umri wake. Anatumwa dukani kununua chumvi, anafika dukani na kusahau alichotumwa. Anaanza kuandika hesabu tatu, anamaliza moja. Anajibu kabla mwalimu hajamaliza swali. Si ujinga, na mara nyingi si ukaidi. Duniani kote inakadiriwa kwamba watoto 5 hivi kati ya 100 wana hali hii. Kwa makadirio hayo, darasa la wanafunzi 60 linaweza kuwa na watatu.

Daktari hathibitishi ADHD kwa utukutu peke yake. Dalili ziwe zimeanza utotoni, zionekane nyumbani na shuleni pia, zidumu angalau miezi sita, na ziwe zinamzuia mtoto kusoma au kuishi vizuri na wenzake. Mtoto mtukutu shuleni tu, lakini mtulivu akiwa shambani na nyumbani, huenda ana tatizo lingine, na huenda tatizo liko shuleni kwenyewe.

Dawa inafanya nini mwilini?

Dawa inayotumika zaidi kwa watoto inaitwa methilifenideti. Ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Basel, nchini Uswisi, na ikaanza kuuzwa miaka kumi baadaye kwa jina la Ritalin, lililotokana na Rita, jina la utani la mke wake. Ni kichangamshi. Watu hushangaa: mtoto asiyetulia anapewaje dawa ya kuchangamsha? Sababu ni kwamba dawa huongeza dopamini na noradrenalini katika sehemu za ubongo zinazosaidia kujizuia na kushika jambo moja. Sehemu hizo zikichangamka, mtoto hupata uwezo wa kujituliza.

Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na huisha nguvu baada ya saa tatu hadi nne. Vipo vinavyotolewa polepole mwilini na kudumu saa nane hadi kumi na mbili. Dawa haiponyi ADHD. Ni kama miwani: ukiivaa unaona vizuri, ukiivua macho yako ni yale yale.

Madhara ya kawaida ni kupungua hamu ya kula, kukosa usingizi, maumivu ya tumbo na ya kichwa, na mapigo ya moyo na shinikizo la damu kupanda kidogo. Baadhi ya watoto huwa wanyonge au wakali dawa inapoisha nguvu. Ikitumika kwa muda mrefu inaweza kupunguza kidogo kasi ya kukua. Ndiyo maana anayeitumia anapaswa kupimwa uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu mara kwa mara. Mahali ambapo mlo wa mtoto tayari ni mdogo, kupungua hamu ya kula si jambo dogo.

Watumiaji wanasema nini?

Mtafiti Ilina Singh alizungumza na zaidi ya watoto 150 wa Uingereza na Marekani na kutoa matokeo mwaka 2012. Hofu kubwa wakati huo ilikuwa kwamba dawa inawageuza watoto kuwa kama mashine. Wengi wao hawakusema hivyo. Walisema dawa inawapa nafasi ya kufikiri kabla ya kutenda, hasa wanapochokozwa. Walilalamika pia kwamba daktari huzungumza na mzazi na kumsahau mtoto mwenyewe. Wapo pia watoto wanaosema hawajisikii kuwa wao wakiwa wamemeza dawa. Maneno hayo yasipuuzwe, kwani mara nyingi ni ishara kwamba dozi imezidi au dawa hiyo haimfai.

Kwa nini wataalamu wanatofautiana?

Mwaka 2018 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa majaribio 133. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kwa watoto, methilifenideti ndiyo dawa ya kuanza nayo kwa matibabu ya muda mfupi. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane walichambua majaribio 212 yenye washiriki zaidi ya 16,000. Wao walisema dawa inaweza kupunguza dalili kwa tathmini ya walimu, lakini uhakika wa ushahidi ni mdogo sana.

Chanzo cha tofauti ni namna majaribio yanavyofanyika. Katika jaribio zuri mwalimu hapaswi kujua nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kisicho na dawa. Lakini mtoto anayeacha kula uji wake asubuhi hujulikana upesi kwamba yuko kwenye dawa. Mwalimu akishajua, alama anazotoa zinaweza kupanda. Aidha, majaribio mengi yalidumu wiki chache tu, wakati mtoto hutumia dawa kwa miaka.

Jaribio kubwa la Marekani, lililotoa matokeo mwaka 1999, lilifuatilia watoto 579 kwa miezi 14. Waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walipungukiwa na dalili kuliko waliopewa mafunzo ya tabia peke yake. Miaka mitatu tangu jaribio lianze, tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka.

Upande wa pili, utafiti wa Sweden uliochapishwa Agosti 2025 katika jarida la BMJ uliangalia watu zaidi ya 148,000 wenye ADHD. Kuanza dawa kulihusishwa na kupungua kwa vitendo vya kujiua, matumizi mabaya ya vilevi, ajali za barabarani na uhalifu. Haukuwa jaribio la kugawa watu kwa bahati nasibu, na Sweden ina huduma ambazo wilaya zetu hazina. Hata hivyo unaonyesha kwamba suala hili linazidi alama za darasani.

Tukiweka yote pamoja: dawa hupunguza dalili kwa watoto wengi katika miezi ya kwanza. Faida ya miaka mingi haijathibitishwa kwa kiwango hicho. Na karibu ushahidi wote umetoka katika nchi tajiri.

Uamuzi wa WHO unaigusaje Gare?

Kamati ya WHO haikusema dawa ni sumu. Ilitilia shaka ubora wa ushahidi kuhusu faida na madhara, na ilitaka kuona matokeo ya muda mrefu na ya mahali penye huduma chache. Wakati huohuo mwongozo wa WHO kwa wahudumu wasio mabingwa, uitwao mhGAP, unaruhusu methilifenideti kwa mtoto wa miaka 6 au zaidi, chini ya usimamizi wa bingwa, baada ya mzazi na mwalimu kwanza kupewa mafunzo.

Orodha ya WHO si sheria, lakini nchi nyingi huitumia kama mfano wa kutengeneza orodha zao. Bima nayo hutazama orodha ya taifa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, hivyo swali la dawa gani inalipiwa litazidi kuwa zito. Isitoshe, methilifenideti iko kwenye Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kuiingiza nchini na kuitoa dukani kuna udhibiti mkali, na duka la dawa la kawaida haliwezi kukuuzia. Usimwombe ndugu aliye nje akutumie kwenye begi la msafiri.

Hata nchi tajiri zimeyumba. Oktoba 2022 Marekani ilitangaza upungufu wa Adderall, dawa nyingine ya ADHD. Septemba 2023 Uingereza ilitoa tahadhari kwamba dawa kadhaa za ADHD, ikiwemo methilifenideti, zimeadimika. Familia huko zilizunguka duka hadi duka.

Kwa mkazi wa Gare safari ni ndefu zaidi. Zahanati haina bingwa wa akili za watoto. Rufaa hupitia hospitali ya wilaya Lushoto, kisha Bombo mjini Tanga, au KCMC mjini Moshi. Safari hiyo hailiwi mara moja, kwa sababu dozi hupandishwa kidogo kidogo na mtoto lazima arudi kupimwa. Milima hii si migeni katika tiba ya akili: Lutindi, upande wa Korogwe, ilianza kama kituo cha watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896 na kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1904. Lakini kwa mtoto asiyetulia darasani, huduma ya karibu bado ni chache.

Mirungi si mbadala

Wapo wanaouliza: kama dawa ni kichangamshi, mirungi je? Mirungi ina kathinoni, kemikali ya jamii moja na amfetamini. Lakini jani halina dozi. Hakuna ajuaye mtoto ametafuna kiasi gani cha kemikali hiyo, na kinachofuata ni kukosa usingizi, moyo kwenda mbio na hasira. Tena kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, mirungi ni haramu nchini. Kahawa nyingi nayo si tiba ya mtoto.

Kabla ya kusema ni ADHD

Mengi hufanana na ADHD, na baadhi yanatibika karibu na nyumbani. Mwombe mhudumu wa afya aangalie haya:

- Masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mpotevu wa mawazo.
- Kifafa cha kuduwaa: mtoto anakodoa macho sekunde chache bila kujibu, kisha anaendelea kama kawaida.
- Dawa ya fenobabito. Hutumika sana kutibu kifafa, na kwa baadhi ya watoto huleta utukutu. Usiiache ghafla, kwani degedege inaweza kurudi kwa nguvu. Mweleze daktari.
- Historia ya malaria iliyopanda kichwani. Tafiti za Uganda zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona hubaki na tatizo la umakini.
- Upungufu wa damu, njaa, na usingizi mfupi.
- Hofu: kupigwa, kunyanyaswa, msiba au ugomvi nyumbani.

Cha kuanza nacho leo

Mafunzo ya mzazi na mwalimu ndiyo WHO inayoyatanguliza, na hayahitaji kibali cha kuingiza dawa.

Nyumbani, mpe mtoto agizo moja kwa wakati. Usiseme, "Kateke maji, ukirudi ufunge mbuzi, halafu uoge." Sema la kwanza, mwambie alirudie kwa mdomo wake, akimaliza mpe la pili. Msifu papo hapo, wala usingoje jioni. Weka saa ile ile ya kula na kulala. Kazi ya kutembea na kubeba humsaidia kumaliza nguvu kabla ya kukaa na daftari.

Shuleni, mwalimu amweke mbele, mbali na mlango na dirisha. Amgawie kazi vipande vifupi, na amtume kufuta ubao au kugawa madaftari ili apate sababu halali ya kusimama. Ujuzi wa kufundisha kwa hatua ndogo upo wilayani: Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa, kilichoanzishwa Magamba mwaka 2007, kilijijenga katika elimu maalumu, na shule ya Irente Rainbow hupokea watoto wenye ulemavu wa akili. Mtoto mwenye ADHD si lazima ahamie shule maalumu. Mwalimu wake wa kawaida ndiye anayehitaji kufikiwa na ujuzi huo.

Kuhusu viboko, kanuni za elimu zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Lakini fimbo haimpi mtoto uwezo ambao ubongo wake haujaukomaza. Inamfundisha kuogopa shule, na wengi wa aina hii huishia kuiacha. Mzazi ana haki ya kwenda kwa mwalimu mkuu na kuomba njia nyingine ijaribiwe. Nenda na mifano iliyoandikwa ya kile kinachomsaidia mtoto nyumbani.

Ukifika kwa daktari, uliza haya

Ni nini kinakufanya useme ni ADHD? Je, umepata maelezo ya mwalimu? Kama ni dawa, tutaanza na dozi gani, na tutajuaje inafanya kazi? Nani atampima uzito na shinikizo la damu, na inawezekana kufanyika zahanati ya kwetu? Dawa ikikosekana mwezi ujao tutafanyaje? Bima inailipia? Na kabla hujaondoka, mwombe daktari amwulize mtoto mwenyewe anavyojisikia.