UCHAMBUZI: Kwa nini mpini wa mswaki utupwe pamoja na nywele zilizochakaa?

WAJUMBE wa mataifa zaidi ya 180 waliondoka Geneva, Uswisi, mnamo Agosti 15, 2025 mikono mitupu. Walikuwa wamevutana kwa siku kumi kuhusu mkataba wa kimataifa wa kukabiliana na uchafuzi wa plastiki, na mvutano wenyewe ulikuwa ule ule uliowakwamisha jijini Busan, Korea Kusini, mwaka uliotangulia: je, uzalishaji wa plastiki uwekewe kikomo, au dunia ishughulikie taka tu baada ya bidhaa kutumika? Mataifa yanayotegemea mafuta yalishikilia la pili. Mengi ya Afrika, Ulaya na visiwa vya Pasifiki yakataka la kwanza.

Kwa Mkenya habari hizo zilikuwa na uchungu wake, kwani azimio lililozaa mazungumzo hayo lilipitishwa papa hapa Gigiri, Nairobi, mnamo Machi 2, 2022. Isitoshe, nchi hii ilikuwa imekwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 28, 2017, wakati wengi walidhani haiwezekani. Lakini si kila jambo linalohitaji kungoja mkataba. Yapo maamuzi yaliyo ndani ya uwezo wetu, na mojawapo limesimama bafuni ndani ya kikombe, kando ya dawa ya meno.

Tuutazame mswaki wa kawaida. Madaktari wa meno hushauri ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu au minne, au mapema zaidi nywele zake zikianza kutawanyika. Kinachochakaa ni nywele hizo za nailoni peke yake. Mpini, ambao ndio sehemu kubwa ya plastiki yote, huwa bado mzima kama siku uliponunuliwa, na ungeweza kutumika kwa miaka. Hata hivyo twautupa. Ni sawa na mtu kutupa jembe zima, mpini na yote, kwa sababu bapa limelika.

Hesabu ya kukisia yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 humu nchini. Tuchukue milioni 20 pekee, tuseme kila mmoja afuata ushauri wa daktari na kubadilisha mswaki mara nne kwa mwaka. Hiyo ni miswaki milioni 80. Kila mmoja ukiwa na uzani wa gramu 15, tunapata tani 1,200 za taka kila mwaka. Kama kinachotupwa ni kichwa tu, chenye uzani wa gramu tatu hivi, tani hizo hushuka hadi 240, ukiongeza mipini michache itakayovunjika au kupotea.

Najua msomaji atauliza: ni nani hapa kwetu abadilishaye mswaki mara nne kwa mwaka? Swali ni halali. Wengi hukaa na mmoja hadi nywele zilale ubavu, na sababu kuu ni bei. Mswaki uliochakaa hauondoi utando wa meno ipasavyo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria katika ripoti yake ya 2022 kwamba watu bilioni 3.5, karibu nusu ya walimwengu, wana maradhi ya kinywa. Kwa hivyo suala la kichwa cha kubandua lina pande mbili: takataka kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili uwezo wa mtu wa kipato cha chini kupata nywele mpya kwa wakati ufaao.

Wapo watakaosema tuchakate miswaki iliyotupwa. Waulizwe wazoataka wa Dandora kama wanaiokota. Mswaki mmoja una mpini wa polipropilini, nywele za nailoni, vipande vidogo vya madini vinavyoshikilia nywele hizo, na mara nyingi mpira laini wa kushikia. Kuvitenganisha vyote hivyo ni kazi isiyolipa. Mnamo 2020, watafiti wa Ireland na Uingereza walichapisha katika jarida la British Dental Journal ulinganisho wa miswaki ya aina nne: wa plastiki wa kawaida, wa plastiki wenye kichwa cha kubadilishwa, wa mwanzi, na wa umeme. Ule wa umeme ulitia fora kwa madhara; athari yake kwa tabianchi ilikuwa mara 11 ya ile ya mwanzi. Iliyofanya vyema zaidi ni wa mwanzi na huo wa kichwa cha kubadilishwa. Plastiki basi si lazima iwe adui, mradi isitupwe ovyo kila baada ya miezi mitatu.

Wazo lenyewe si geni pwani yetu. Kabla neno mswaki halijahamia kwenye plastiki, lilikuwa, na lingali, jina la kijiti cha mti ambao wanabotania huuita Salvadora persica. Anayekitumia hutafuna ncha hadi nyuzi zifunguke, akasugua meno, na nyuzi zikichoka hukata ncha hiyo na kutafuna nyingine. Mpini hubaki ule ule hadi kijiti kiishe mkononi. Vijiti hivyo bado vyauzwa Mombasa na Eastleigh, na muuzaji hana haja ya kukueleza namna ya kubadilisha kichwa.

Ugumu waanza pale tunapotaka kufanya hivyo kwa plastiki. Kila kiungo ni mahali pa uchafu kujificha. Mate, povu na dawa ya meno huteremka shingoni, huingia kwenye tundu la mpini, hukaa humo na kugeuka utando mweusi unaonuka. Aliyewahi kutumia mswaki wa umeme na kuchomoa kichwa chake baada ya mwezi mmoja anafahamu ninachosema. Mswaki uliobuniwa ili usafishwe kwa urahisi waweza kuwa mchafu kuliko ule wa kipande kimoja, endapo mbunifu hakufikiria maji yatatokea wapi.

Na hapa kwetu maji ni mgao. Mbunifu wa Ulaya huwaza mfereji unaotiririka wakati wote. Mkazi wa Mukuru au Pipeline huwaza kikombe kimoja alichochota kwenye mtungi. Kwa sababu hiyo kiungo cha hesi, kama cha kifuniko cha chupa, hakifai. Mifereji ya hesi hushika uchafu na kikombe cha maji hakiwezi kuusukuma nje. Tundu lililozibwa ndani ya mpini halifai pia. Ninavyoona mimi, kinachofaa ni kinyume chake: mpini uishie kwa kijiti kigumu, laini, kisicho na tundu lolote, na kichwa ndicho kiwe na tundu, lililo wazi pande zote mbili na lisilo na pembe kali. Hapo mtu hukichomoa kichwa, akamimina maji kidogo yakapita moja kwa moja, akaviacha vyote viwili vikauke.

Kukauka ndiko muhimu kuliko dawa zote. Kituo cha Kudhibiti Maradhi cha Marekani (CDC) kimeshauri mswaki usuuzwe kwa maji baada ya kutumiwa na uachwe wima ukauke kwa hewa, bila kufungiwa ndani ya kikebe. Hakuna haja ya kuuchemsha wala kuulowesha kwenye kemikali. Vifuniko vya plastiki vinavyouzwa pamoja na miswaki, kwa matumizi ya kila siku nyumbani, vyahifadhi unyevu tu.

Lipo tatizo lingine, nalo ni zito zaidi. Kichwa chapaswa kutoka kwa urahisi vidole vikiwa na povu, ilhali hakipaswi kutoka hata kidogo kikiwa mdomoni. Matakwa hayo mawili yanapingana. Mnamo Februari 2012, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwaonya watumiaji wa mswaki mmoja wa betri kwamba vichwa vyake vilikuwa vikichomoka au kuvunjika vinywani. Watu walikuwa wamevunjika meno na kukatwa fizi, na hatari ya kusakamwa ilikuwepo. Kwa mtoto wa miaka mitatu kipande cha ukubwa huo si jambo la mzaha.

Suluhisho mojawapo ni kufuli la hatua mbili: kugeuza robo ya mzunguko, kisha kuvuta. Mtu anapopiga mswaki, mkono husukuma na kuvuta zaidi ya unavyozungusha, hivyo kichwa hakitatoka kwa bahati mbaya. Bado kijinundu kidogo kitahitajika cha kuzuia kufuli hilo lisijizungushe, na plastiki ya kijinundu hicho lazima ihimili kufunguliwa mara elfu kadhaa. Hayo si makubwa kwa mtengeneza kalibu hodari, ila yataka kupimwa, na kupimwa ni kazi ya serikali.

Kiwango cha kimataifa cha miswaki ya mkono kipo, ISO 20126, nacho huangalia miongoni mwa mengine jinsi vishungi vya nywele vilivyokazwa kichwani. Lakini hakiwalazimishi watengenezaji kutumia kiungo cha aina moja. Matokeo yake ni kwamba kila kampuni hubuni kiungo chake, na kichwa cha hii hakiingii kwenye mpini wa ile. Biashara ya namna hiyo twaijua tangu enzi za wembe: mpini wauzwa rahisi, kisha mnunuzi hufungwa kwa miaka akinunua visu vya kampuni hiyo hiyo kwa bei itakayo.

Sioni jinsi mswaki huu utakavyofika kwa mwananchi wa kawaida bila kuvunja kifungo hicho. Tufikirie muuza duka wa mtaani, anayepima mafuta ya kupikia kwa kibaba na kuuza sukari ya kadogo. Huyo hawezi kuweka rafuni vichwa vya kampuni sita tofauti, asijue kipi kitanunuliwa lini. Kiungo kikiwa kimoja, atatundika ukanda wa vichwa kama atundikavyo vipakiti vya sabuni, na mteja atanunua kimoja kwa bei iliyo chini ya mswaki mzima. Bila hivyo bidhaa hii itabaki kwenye maduka makuu ya Westlands, ikinunuliwa na watu ambao hata leo hawashindwi kununua mswaki mpya.

Mfano wa kufuata upo. Wenye kumbukumbu watakumbuka jinsi kila simu ilivyokuwa na chaja yake, na jinsi wageni walivyozunguka nyumba nzima wakiulizia pini nyembamba ya Nokia. Muungano wa Ulaya ulipitisha sheria mnamo 2022, na tangu Desemba 28, 2024 simu mpya zinazouzwa humo zapaswa kutumia tundu moja la kuchajia. Kampuni zililalamika kwamba ubunifu ungekufa, na simu zaendelea kubuniwa.

Hapa nchini nyenzo za kisheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 iliweka kanuni kwamba anayeleta bidhaa sokoni awajibikie bidhaa hiyo hadi inapokuwa taka, na kanuni za utekelezaji zikachapishwa 2024. Mzigo huo ungeweza kupunguzwa kwa mtengenezaji ambaye mpini wake hudumu na kiungo chake ni cha wote, na kuongezwa kwa anayeuza kitu cha kutupa chote. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) nalo lina njia ya kulipeleka suala la kiungo kwa wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili Kampala na Arusha zisije zikapata kiungo chao tofauti.

Kuna ajira pia, ingawa tusizipigie chuku. Mashine ya kupandikiza nywele ni ghali na yahitaji ustadi, kwa hivyo vichwa vitaendelea kuagizwa kutoka ng'ambo kwa muda. Mpini ni habari nyingine. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu walikamilisha jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa takataka za plastiki zilizookotwa na kuchakatwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mikono iliyoweza kuichonga plastiki ya taka ikawa mbao za jahazi haishindwi na mpini wa mswaki. Vichwa pekee navyo huchukua nafasi ndogo kwenye kontena kuliko miswaki mizima, na ushuru wa usafirishaji hupungua.

Pingamizi la haki ni bei ya mwanzo. Mpini imara, wenye kufuli lililopimwa, hautakuwa rahisi kama mswaki wa kutupa, na anayelipwa kwa siku hatazami akiba ya mwaka mzima. Pengine shule za msingi na zahanati za kaunti ndizo mahali pa kuanzia, mipini itolewe na wazazi waachiwe vichwa. Na pasizuke wazo la familia nzima kutumia mpini mmoja kwa vichwa vya rangi tofauti, kama inavyofanyika kwa miswaki ya umeme. Mate huteremka mpinini, na fizi zinazovuja damu ni nyingi mno kwa mchezo huo.

Kisha kuna kichwa chenyewe. Nailoni imetawala tangu ilipoingia kwenye miswaki mnamo 1938 huko Marekani, ikichukua mahali pa manyoya ya nguruwe. Manyoya hayo huoza ardhini, na baadhi ya watengenezaji wa miswaki ya mwanzi wameyarejesha kwa sababu hiyo. Kwa Lamu, Garissa na Mombasa hilo halina mjadala, halitakubalika. Nyuzi za mimea zinazojaribiwa bado hulainika mno zikilowa, kwa hivyo kwa sasa gramu tatu za kichwa zitaendelea kupelekwa Dandora, na mpini utabaki nyumbani.