Mishahara Miwili kwa Kiongozi Mmoja



Huulizwa mara kwa mara katika jumuiya zetu ndogondogo: je, ni haki mtu tuliyemchagua kuwa mbunge au diwani aendelee kuwa mkurugenzi wa kampuni, wakili mwenye ofisi yake, au mkandarasi?

Swali hili si geni nchini Tanzania. Mwaka 1967 lilijibiwa kwa ukali. Azimio la Arusha lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya watu binafsi, asipokee mishahara miwili, wala asiwe na nyumba za kupangisha. Wabunge na madiwani walihesabiwa humo. Tena miiko ile ilimhesabu mume pamoja na mkewe, maana walioitunga walijua vema jinsi duka linavyoweza kuandikishwa kwa jina la mama watoto.

Mwaka 1991, huko Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ililegeza masharti hayo. Kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili. Tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1967 kiongozi aliambiwa: usiwe nacho. Tangu 1995 anaambiwa: sema unacho. Na anayeambiwa kwanza si mpiga kura, bali ofisi.

Wenzetu wa Kenya walipita njia yao. Tume ya Ndegwa ya 1971 iliwafungulia watumishi wa umma mlango wa biashara. Katiba ya 2010, katika ibara ya 77, ikamkataza ofisa wa dola wa muda wote kuchukua ajira nyingine yenye malipo.

Sisi hatudai kila kilichokatazwa mwaka 1967 kikatazwe tena. Diwani huishi kwa posho. Tukimkataza shamba, duka au cherehani, baraza la halmashauri litabaki la wastaafu na matajiri. Mbunge ni habari nyingine: hulipwa na hazina ya umma kila mwezi, hupewa posho za vikao, na kiinua mgongo Bunge likimaliza muda wake. Huyo hana hoja ya njaa.

Watu husema mshika mbili moja humponyoka. Tungependa ingekuwa hivyo! Mheshimiwa aweza kuzishika zote mbili kwa miaka mingi, na kinachoponyoka kikawa barabara ya kijiji. Kwa hiyo saa za kazi si shina la tatizo. Mwenye greda la kukodisha hapaswi kuketi katika kikao kinachopitisha fedha za barabara. Wakili anayelipwa na kampuni ya madini atasemaje juu ya muswada wa madini? Hata akisema kweli, nani atamsadiki?

Tunaziomba kamati za Haki na Amani za parokia, wagombea wanapokuja kujieleza, ziwaulize hadharani maswali mawili: nani mwingine anakulipa, na je, huyo ana zabuni, leseni au kesi yoyote mbele ya Serikali? Majibu yaandikwe kwenye daftari la kamati pamoja na tarehe, yasomwe tena mwaka unaofuata mheshimiwa atakapokuja kutoa taarifa yake.