Kurudi Java 8 si dawa

Makomredi wa Kibabii, hii tabia tuiache. Programu ikigoma na kuandika NoClassDefFoundError: javax/xml/bind/JAXBException, msee mmoja kwa grupu ya WhatsApp anasema, "Rudi Java 8." Na wote mnarudi! Buda, huko ni kuficha ugonjwa.

JAXB ilitolewa ndani ya Java 11 mwaka 2018. Haijafa, imehama. Siku hizi inaitwa jakarta.xml.bind, na ni wewe wa kuibeba. Iandike kwa pom.xml, API pamoja na injini yake, rekebisha import zako, ufunge zote kwa jar moja. Kisha ijaribu kwa kompyuta ya mwenzako kabla hujaanza kutamba.

Mwenye duka hapo Bungoma mjini hanunui kompyuta yako. Ananunua programu inayofunguka kwake.