Skuli za Kimataifa: Tupime Kwanza, Tulipe Baadaye



Tangu msimu uliopita ofisi ya chama imekuwa ikipokea maulizo mengi juu ya jambo moja, nalo ni skuli za kimataifa. Wazee wanauliza: Je, yafaa nimpeleke mwanangu huko? Hiyo shahada inayosemwa kuwa inatambuliwa dunia nzima ni kitu gani? Na je, chama kitanikopesha ada kwa dhamana ya mikarafuu yangu?

Maswali mawili ya mwanzo nitayajibu kwa kadiri ya ninayoyajua. La tatu nitalitolea rai yangu, na rai hiyo naitanguliza ili asitokee wa kusema kwamba nilizunguka. Chama kisikopeshe hata senti moja ya ada kwa dhamana ya miti, wala mwanachama asiikodishe mikarafuu yake kwa misimu ya mbele ili kulipia skuli. Najua wako watakaochukia. Nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wanijibu katika ukurasa huu huu.

Sisemi hivi kwa kuidharau elimu. Sisi tuliokaa chuoni tukafundishwa kwamba kutafuta elimu ni faradhi hatuwezi kusema vingine. Nasema kwa sababu mkulima wa karafuu huheshimiwa kwa kupima. Mnunuzi mwenye akili haridhiki na gunia lililoshonwa vizuri. Hutia mkono mpaka chini, akatazama kama kuna mpeta, kama kuna makonyo, kama unyevu bado umo. Skuli nayo ni gunia, na ada yake ni kubwa kuliko gunia lolote tulilowahi kununua.

Kwanza, neno "kimataifa" likiandikwa juu ya lango halithibitishi kitu. Cha kuuliza ni mtihani gani mtoto atafanya mwishoni, na nani anausahihisha. Katika visiwa hivi mzazi atasikia hasa majina mawili, na watu wengi huyachanganya.

Jina la kwanza ni Cambridge. Wazee wetu walilijua jina hili zamani, maana kabla ya Tanzania kuwa na Baraza lake la Mitihani mwaka 1973, vijana wa hapa walikuwa wakifanya mitihani ya kutoka huko Uingereza. Siku hizi wana mtihani uitwao IGCSE, ulioanza kufanywa mwaka 1988, na juu yake upo uitwao A Level. Mzazi aufahamu vizuri mpango huu: IGCSE ni daraja la kidato cha nne. Mtoto aliyemaliza hapo hajapata tikiti ya Chuo Kikuu, bado miaka miwili. Skuli inayoishia IGCSE si skuli mbaya, lakini mzazi aingie akijua kwamba baada ya hapo itambidi atafute pengine, labda Bara, labda ng'ambo, na ada nyingine.

Jina la pili ni International Baccalaureate, au kwa kifupi IB, taasisi iliyoundwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Diploma yake ndiyo hiyo watu wanayoiita shahada ya dunia. Ni masomo ya miaka miwili kwa vijana wa miaka 16 hadi 19. Mwanafunzi huchukua masomo sita, aghalabu matatu kwa kina zaidi na matatu kwa kiasi. Kila somo hupewa alama kuanzia 1 hadi 7. Juu ya hayo lipo somo la kufikiri juu ya elimu yenyewe, ipo insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na ipo kazi ya vitendo na kuwatumikia watu. Somo hilo na insha hiyo vinaweza kumwongezea alama 3, basi jumla ya juu kabisa ni 45. Akipata chini ya 24 hapewi diploma. Hata akifika 24 yako masharti mengine ya kutimizwa.

Ni mpango mzuri, na sitaki kumtania mtu. Kijana aliyeupita barabara anajua kuandika, kubishana kwa hoja na kutafuta jambo mwenyewe, na Vyuo Vikuu vya nchi nyingi vinampokea. Lakini tazameni hiyo 24. Mzazi anaweza kulipa miaka miwili kamili na mtoto akatoka na karatasi ya masomo mojamoja bila diploma yenyewe. Tena, hata mwenye diploma anaweza kukataliwa udaktari au uhandisi kwa sababu alichukua hesabu au kemia kwa kiasi na siyo kwa kina. Uchaguzi huo hufanywa mwanzoni, mtoto akiwa na miaka 16 na mzazi akiwa shambani. Basi mzazi aulize kabla: mwanangu anataka kuwa nani, na skuli hii inafundisha masomo hayo kwa kina, au inayo kwenye karatasi tu?

Haya ndiyo maswali ambayo nashauri kila mwanachama ayabebe anapokwenda kutazama skuli.

Je, skuli imesajiliwa na Wizara ya Elimu ya Zanzibar? Je, imekwisha kupewa idhini na IB au Cambridge, au bado inaomba? Kwa IB yako madaraja mawili: skuli iliyokubaliwa, na skuli iliyo katika njia ya kuomba. Ya pili huenda ikakubaliwa, huenda isikubaliwe. Majina ya zilizokubaliwa hutangazwa na IB yenyewe, na ofisi ya chama itamtazamia mwanachama yeyote bila malipo.

Je, walimu wamekaa muda gani? Katika kisiwa kizuri kama hiki mwalimu mgeni huja kwa furaha, akakaa mwaka au miwili, akaondoka. Mtoto akibadilishiwa mwalimu wa fizikia katikati ya miaka miwili, hasara si ya mwalimu. Ulizeni pia alama walizopata wanafunzi wa miaka mitatu iliyopita, wote, siyo yule mmoja aliye kwenye picha.

Je, ada inatajwa kwa shilingi au kwa dola? Ada ya mtihani imo ndani au iko mbali? Na vitabu, sare, chakula, gari, na dakhalia? Mtu wa Wete au Mkoani anayempeleka mtoto Unguja ahesabu na nauli ya boti na nani atamlea huko.

Je, Kiswahili kinafundishwa? Mtihani wa IB unacho Kiswahili, na unacho Kiarabu. Kwa hiyo skuli isiyofundisha Kiswahili isiseme imezuiwa na dunia, imeamua yenyewe. Vilevile mzazi aulize kama ratiba inamwachia mtoto nafasi ya sala na ya kurudi chuoni. Mtoto atakayerudi nyumbani hawezi kumwandikia bibi yake barua hajafunzwa kimataifa, amepotezewa alichokuwa nacho.

Na la mwisho, je, akirudi kusoma hapa nchini itakuwaje? Vyeti vya nje hupelekwa Baraza la Mitihani ili vilinganishwe na vya kwetu. Mzazi na alijue hilo mapema. Azingatie na kalenda pia, maana skuli nyingi za namna hii huanza mwaka wao Agosti au Septemba, wakati mtoto wetu amemaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka. Miezi hiyo ya katikati atafanya nini?

Sasa niingie katika fedha, kwani ndipo penye moyo wa jambo hili.

Kila mtu achukue kalamu. Andika ada yote ya mwaka mmoja, igawe kwa bei ya kilo moja uliyolipwa kituoni msimu huu. Kwa mfano tu, ada ikiwa shilingi milioni 14 na kilo ikiwa shilingi elfu 14, hizo ni kilo 1,000 za karafuu kavu. Kilo 1,000 kavu ni karibu kilo 3,000 za mbichi, zilizochumwa kwa mkono mmoja mmoja juu ya mti. Wachumaji hawajalipwa hapo, wala waliopalilia, wala chakula cha nyumbani hakijanunuliwa. Na huo ni mwaka mmoja wa mtoto mmoja.

Ada huja kila mwaka. Karafuu haziji kila mwaka. Hakuna asiyejua kati yetu kwamba mti huzaa sana msimu mmoja kisha ukapumzika, na mwaka wa neema hufuatwa na mwaka mkavu. Skuli haitasubiri mti upumzike. Ndipo mwenye shamba huenda kwa mwenye fedha akamwambia, nipe leo, uchume wewe misimu mitatu ijayo. Mkodishaji huyo hana haja ya kupalilia wala kupanda mche badala ya mti uliokufa. Huvunja matawi, akachuma mpaka la mwisho, akaenda zake. Mche mpya wataka miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa. Mtoto atakuwa amekwisha maliza skuli na Chuo Kikuu, na baba bado anangoja mti.

Historia yetu inatufundisha. Katika miaka ya 1930 madeni yaliwaelemea wenye mashamba, rehani zikaongezeka, hata mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikatunga sheria za kuzuia ardhi isitoke mikononi mwao. Baada ya 1964 familia nyingi zilipata eka tatu, na wengi wa wanachama wetu wanakula kwa eka hizo mpaka leo. Isiwe kwamba kilichopatikana kwa taabu ile kinatoka tena polepole, safari hii kwa jina zuri la elimu.

Tena liko jambo ambalo watu hawalisemi barazani. Mzazi akikodisha miti kwa ajili ya mtoto mmoja, aghalabu mtoto huyo ni wa kiume. Dada zake wanaosoma skuli ya Serikali wanakosa vitabu, na mdogo wao anaacha skuli wakati wa msimu ili akachume karafuu za kulipia ada ya kaka. Hiyo si haki. Miti ni ya watoto wote. Mwenye watoto watano akimpa mmoja mavuno yote, anajenga ugomvi wa mirathi kabla hajafa.

Watu watasema: Katibu anataka watoto wa wakulima wabaki hapa hapa, na watoto wa matajiri waende duniani. La, hasha. Nataka waende, lakini kwa njia isiyokata mti. Zipo njia. Skuli za UWC, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Wales mwaka 1962, huchagua wanafunzi kwa kamati za nchi mbalimbali na hutoa misaada ya ada kwa wenye haja. Moja iko hapa hapa Tanzania tangu 2019, Moshi na Arusha, na diploma yake ni hiyo hiyo ya IB. Mtoto hodari wa Micheweni anaweza kuomba kama mtoto wa mtu yeyote, ila hawezi kuomba jambo ambalo hajalisikia. Vilevile kidato cha sita cha kwetu si njia ya vichochoroni. Kinamfikisha kijana Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, na kwingineko, na wako wengi waliotoka hapo wakasoma ng'ambo. Tangu 2023 hata chuo cha uhandisi cha Madras, India, kimefungua tawi lake Unguja.

Wazee wetu wanasimulia tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, na Pemba ikasalimika. Watu walikula kwa sababu karafuu hazikuwa kisiwa kimoja. Nyumba nayo yafaa iwe hivyo: isiweke watoto wote, miti yote na miaka yote katika lango moja.

Basi napendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu ujao. Mosi, chama kikatae kabisa kukopesha ada kwa dhamana ya miti. Pili, tuchague wajumbe wanne, wawili wanawake na wawili wanaume, wazitembelee skuli hizi kwa niaba yetu wakiwa na maswali niliyoyaandika hapo juu, na majibu yachapishwe humu, neno kwa neno. Tatu, tutenge sehemu ndogo ya michango ya kila msimu wa neema iwe mfuko wa kuwasaidia watoto wa wanachama, wasichana na wavulana sawasawa, kwa vitabu vya sayansi, nauli za usaili na maombi ya misaada ya masomo. Mfuko huo uwe na daftari lililo wazi kwa kila mwanachama, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenye uwezo wa kulipa kutoka katika akiba yake, bila kugusa mti wala haki ya mtoto mwingine, na alipe, na Mungu ambariki. Lakini asiyekuwa na akiba hiyo asione haya. Mtoto wake hakupungukiwa na akili, na hilo lango lenye bendera nyingi si mlango pekee wa dunia.

Nangoja barua zenu, za kuniunga mkono na za kunipinga.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama