Tembo wa Chupani, Tembo la Kibuyuni

Kuna neno jipya mjini: krafti. Bia ya krafti ni bia inayopikwa na kiwanda kidogo, kidogo kidogo, na mtu unayeweza kumuona kwa macho, na kila pipa lina tabia yake. Nairobi zimeshazoeleka. Brew Bistro walipika yao palepale Ngong Road, wakaja kina 254 na Bateleur, na sasa rafiki zangu wakishuka pwani likizo, swali lao la kwanza wakifika Diani halihusu bahari. Wanauliza, "Huku kwenu mna krafti?"

Jibu langu ni lile lile kila mwaka. Tunayo, tena ya zamani kuliko Kenya yenyewe. Ila ukiifuata, vaa viatu vya kukimbilia.

Twende polepole. Nini hufanya bia iwe ya krafti? Wenyewe wanasema: mali ghafi ya karibu, kiasi kidogo, fundi anayeijua kazi, hakuna dawa za kuihifadhi, na ladha inayobadilika kwa siku na mahali. Sawa. Basi njoo Kwale alfajiri. Mgema anapanda mnazi kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama iko kiunoni. Kule juu kuna karara ambalo halijafunguka. Alilifunga kamba siku kadhaa nyuma ili lisipasuke. Analikata ncha kipande chembamba kama ukucha, na utomvu unaanza kudondoka kwenye kibuyu, ama siku hizi kwenye chupa ya plastiki. Jioni anapanda tena, anakata tena. Akikata vibaya, karara linakauka na mapato ya wiki kadhaa yamekwenda. Akiteleza, hatutaongea tena habari ya mapato.

Hakuna anayetia chachu. Chachu iko hewani, iko kwenye kibuyu kilichotumika jana, iko miguuni mwa nyuki wanaokuja kuzama mle ndani. Utomvu unaanza kuchacha kabla haujateremshwa. Ukiunywa asubuhi ni mtamu kama sharubati, ukiunywa alasiri unakuuma ulimi, na kufikia jioni una nguvu kama ya bia ya kawaida, asilimia 4 au 5 hivi. Kesho yake umekaza. Ukiuacha zaidi unaelekea kuwa siki, na siki hiyo nayo ina kazi yake jikoni. Kinywaji kimoja, ladha nne, na mtu wa Msambweni anayeujua mnazi atakuambia kwa funda moja kama uligemwa asubuhi au jana.

Kule Brussels kuna watu wanafanya jambo linalofanana sana na hili. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa 1900, kinaacha maji ya nafaka iliyopikwa yakae wazi usiku kucha chini ya paa, ili chachu ya mwituni ya bonde lile iingie yenyewe. Bia yao inaitwa lambic. Ni chachu, haina povu la kujigamba, na watu wanapanda ndege kwenda kuionja. Wanasifu eti ladha ya mahali. Hakuna askari anayekuja kuimwaga.

Na hapa ndipo mimi huchemka. Bia ya krafti ya Nairobi ninaipenda, sitaki kudanganya mtu. Lakini shayiri yake inatoka Narok au Timau kukiwa na bahati, na hopsi, yale maua machungu yanayoipa IPA jina lake lote, yanatoka ng'ambo, kwa sababu mmea ule unataka siku ndefu za kiangazi ambazo sisi wa ikweta hatuna. Hilo si kosa la mtu. Ila ukiniambia hicho ndicho kinywaji cha hapa hapa, na kilichogemwa mita kumi na tano juu ya kichwa chako ni pombe haramu, itabidi unieleze taratibu.

Tatizo hili lina historia, na historia yenyewe ina kichekesho. Mwaka 1922 kina Hurst, ndugu wa Kiingereza, walikuwa miongoni mwa walioanzisha Kenya Breweries. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu kwenye mawindo, na bia ikapewa jina Tusker kwa kumbukumbu ya mnyama huyo. Sasa ndovu kwa Kiswahili ni nani? Ni tembo. Na pombe ya mnazi kwa Kiswahili, tangu kabla Krapf hajaja Rabai mwaka 1846 kuanza kutuandikia maneno, inaitwaje? Tembo. Yani nchi hii ina tembo wawili. Yule aliyeua mzungu amebandikwa kwenye chupa, ana leseni, anadhamini michezo. Lile lililokuwa likimwagwa kwa heshima ya koma na kupelekwa ukweni, linakimbizwa vichakani. Sijui mchekeshaji gani angeweza kuitunga hiyo.

Wakoloni hawakuificha nia yao. Tembo lililipiwa vibali na kuwekewa mipaka. Hoja zao zilikuwa kwamba mgema ni mvivu, kwamba mnazi unaogemwa hauzai nazi ya kukausha iwe mbata, na mbata ndiyo iliyokuwa ikisafirishwa. Upande wa pili, Mwafrika alikatazwa kisheria kunywa bia ya chupa mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo alibanwa asinywe chake na alikatazwa kunywa chao. Halafu chao kikafunguliwa, kikatangazwa, kikawa ndio maendeleo. Chake kikabaki pale pale.

Mwaka 2010 tulidhani mambo yamebadilika. Sheria ile ya kudhibiti vileo, ambayo kila mtu anaiita Sheria ya Mututho, iliifuta sheria ya kupiga marufuku chang'aa na kufungua mlango kwa vinywaji vya kienyeji kupata leseni. Kwenye karatasi, safi. Lakini sheria hiyo hiyo iliweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Aliyeziandika saa hizo alikuwa na chupa akilini, chupa ambayo haijali. Itakaa kwenye rafu miezi sita. Mnazi wa asubuhi haungoji saa kumi na moja. Ukiungoja, umeshakuwa kitu kingine, na aliyekuja kununua mnazi mtamu ameshaondoka. Kwa hiyo mama mwenye mangwe, hata akiwa na leseni ukutani, anachagua moja kati ya mawili: auze mchana avunje sheria, au auze jioni auharibu mnazi. Na akivunja, kuna wanaojua anavunja saa ngapi, na wanapita saa hiyo hiyo kuchukua chao. Wakati huo huo, mwendo mfupi tu kutoka hapo, mgeni wa hoteli yuko kando ya bwawa saa tano asubuhi na bia yake ya pili. Hakuna anayemtazama mara mbili.

Hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja, huwa na usiku wa utamaduni. Ngoma, leso, kibuyu kilichonakshiwa, mrija, na ndani yake mnazi umechanganywa na sharubati ya nanasi. Bei ya glasi moja ingekununulia mtungi mzima kijijini. Kijana aliyeupeleka mlango wa nyuma aliniambia alipita njia ya shambani kwa kuogopa kukamatwa barabarani. Ule ule mnazi, bana. Uliogopwa barabarani, ukapigiwa picha mezani.

Najua mtakayosema. Pombe za kienyeji zinaua. Tuseme ukweli basi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini, wengine wakapofuka, kwa kinywaji kilichotiwa methanoli. Februari 2024 kule Kirinyaga wakafa watu 17, na mwezi uliofuata serikali ikasimamisha leseni za watengenezaji wa vileo vikali vya bei nafuu ili vikaguliwe upya. Methanoli ile haikutoka kwenye karara. Ni kemikali ya viwandani inayoongezwa na mtu mwenye haraka ya faida, na inaongezwa kirahisi zaidi kwenye kileo kikali kilichofungwa chupani na kubandikwa lebo. Lakini kila kunapotokea vifo bara, msako unafika hadi Lunga Lunga, na kinachomwagwa ni mnazi, kwa sababu mnazi hauwezi kujificha na mwenye nao hana wakili.

Sisemi mnazi wote ni safi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hizi wako wanaotia vibaya kuliko maji. Wako wanaoulewa kuanzia asubuhi na ada ya mtoto inaishia kwenye mangwe. Hayo yapo. Ila kinywaji kisicho na leseni inayofuatika ndicho kisichoweza kukaguliwa. Huwezi kumkamata mtu kila wiki kisha ushangae kwamba hakuleti sampuli maabara.

Na kuna hoja ya dini, ambayo Kwale huwezi kuiruka. Wengi wetu huku ni Waislamu. Anayeniambia kileo ni haramu, chote, cha hotelini na cha kibuyuni, huyo ana msimamo na mimi sina ugomvi naye. Nyumbani kwetu wako, na ninawaheshimu. Ugomvi wangu ni na yule anayetia saini leseni ya baa ya ufukweni asubuhi, halafu mchana anahubiri kuhusu maadili ya vijana wanaogema.

Wengine wametatua hili. Kerala, India, wana minazi kama sisi na tembo kama letu. Kule maduka ya tembo yana leseni, na tangu 1969 kuna sheria ya mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wa tembo. Mgema akianguka, kuna mahali pa kuanzia. Kwetu mgema akianguka kuna harambee. Arusha, jirani zetu, pombe ya ndizi imeingia chupani na inauzwa dukani kwa jina lake bila aibu.

Kwa hiyo nini? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya leseni za vileo. Nenda uangalie imewekwa chini ya nini. Haikuwekwa chini ya afya wala usalama. Iko kwenye kundi la shughuli za utamaduni na burudani za umma. Maana yake Bunge la Kaunti ya Kwale halihitaji kungoja Nairobi iamke. Linaweza kuandika leseni ya mnazi peke yake: mgema asajiliwe pamoja na minazi yake, saa zifuate mti badala ya kufuata chupa, mnazi upimwe, anayetia vitu afutiwe, na sehemu ya ada iende kwenye mfuko wa wanaoanguka. Kwa pesa za wageni zinazoingia Diani, jokofu mbili tatu za ushirika pale Ukunda na Msambweni si ndoto.

Na nyinyi mnaokunywa krafti, hasa nyinyi wa rika langu mnaoweza kuongea dakika ishirini kuhusu kimea cha kukaangwa: Kaya Kinondo iko hapo hapo Diani, na imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mnailipia, mnavaa kaniki nyeusi, mnatembezwa, mnapiga picha mti mkubwa. Mkitoka pale, muulizeni aliyewatembeza mnazi wa asubuhi unapatikana wapi. Akiangalia nyuma kwanza kabla ya kujibu, muulizeni pia jina la mwakilishi wa wadi yake.