Jua Juu ya Paa, Giza Darasani

Kuna fahari moja iliyoenea katika vyuo vyetu vya juu, nayo ni fahari ya kununua. Chuo kikipata chombo kipya hukata utepe, hupiga picha, kisha hujihesabu miongoni mwa walioendelea. Mimi napinga fahari hiyo. Chombo kilichonunuliwa bila kueleweka ni mzigo uliopakwa rangi, na ushahidi wa maneno haya umo katika umeme wa jua.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na hata kesho yake mchana sehemu nyingi zilikuwa bado hazijarudishiwa. Jua lilikuwapo, lakini paneli za sola zilizofungwa kwa njia ya kawaida, bila betri, hazikuweza kuwasha hata taa moja. Kwa nini? Inveta, yaani chombo kigeuzacho umeme wa paneli uwe umeme wa matumizi ya kawaida, hufuata mapigo ya gridi ya taifa. Gridi ikinyamaza, inveta nayo hujizima, ili umeme usirudi katika nyaya ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Kanuni hiyo ni ya busara. Upungufu ni wa mnunuzi asiyeijua.

Dawa yake ni gridi ndogo: paneli, betri, inveta iwezayo kuanzisha mapigo yake yenyewe, na swichi ya kujitenga. Gridi kubwa ikianguka, ndogo hujitenga nayo, ikaendelea kuhudumia maktaba, maabara na friji ya dawa zahanatini. Chuo kisichojua tofauti hii hununua nusu ya kitu kikidhani kimenunua kizima.

Baadhi ya watu husema kwamba kazi ya chuo ni kufundisha, si kuzalisha umeme. Vyema, basi na kifundishe! Ni aibu mwanafunzi akokotoe volti ubaoni asubuhi, na jioni inveta ikilia aitwe fundi kutoka mbali, aingie chumba cha betri, na mlango ufungwe nyuma yake.

Wengine husema kazi hiyo ni ya hatari, na kwamba kanuni zinamtaka fundi wa sola awe na leseni. Ni kweli. Lakini leseni haiokotwi njiani. Hupatikana kwa kujifunza. Wanafunzi na wapime, waandike na wakadirie chini ya macho ya fundi mwenye leseni.

Wa tatu hulia gharama. Siwabezi, kwa maana betri ni ghali. Hata hivyo, ghali zaidi ni betri inayokufa mapema kwa kukosa mtunzaji. Na aanze mtu na maktaba na maabara, aongeze kadiri ya uwezo wake.

Mfano tunao hapa nyumbani. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga juu ya mapaa yake mtambo wa sola wa kilowati 600. Na kituo chake cha utafiti wa nishati hufundisha mafundi wa sola. Sisemi kwamba kila chuo kina uwezo wa Strathmore. Nasema kwamba kila chuo, kwa kipimo chake, chaweza kuunganisha paa na darasa.

Nanyi vijana mlio sekondari leo, kesho mtaingia katika vyuo hivyo. Msishangilie paneli kwa kumeremeta kwake. Ulizeni: umeme huu ukizimika, nani hapa ajuaye kuurudisha? Mkielekezwa kwa mgeni aliye mbali, jueni kwamba chuo hicho kimepanga nuru kama mtu apangavyo nyumba, na wahenga walikwisha kusema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hapo msinung'unike tu. Ombeni ufunguo wa chumba cha betri, na mwalimu wa kuingia pamoja nanyi.