Shule Hufungwa, Nyumba Haifungwi



Kila mwaka shule zinapofungwa, mwezi Juni na mwezi Desemba, swali moja husikika katika familia nyingi: mtoto tumpeleke wapi? Wenye uwezo humtafutia mwalimu wa tuisheni, ili asubuhi aondoke na madaftari yake kama siku za shule. Wasio na uwezo husikitika kwamba mtoto wao “amekaa bure”, huku wenzake wakisonga mbele. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba elimu iko shuleni, na nyumbani ni mahali pa kula na kulala.

Sisi hatukubaliani na fikra hiyo. Tunasema kwamba mtoto mdogo aliye nyumbani hakai bure hata siku moja. Anatazama, anasikiliza, anaiga. Nyumba inamfundisha, wazazi wakitaka au wasipotaka. Swali la kujiuliza ni moja tu: inamfundisha nini? Na kwa kuwa jibu la swali hilo linagusa haki ya mtoto, haki ya maskini na amani ya jamii ya kesho, tumeona linastahili nafasi katika kurasa hizi za haki na amani.

Walimu wa kwanza

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili hayana utata. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya familia, alieleza kwamba haki na wajibu huo haviwezi kukabidhiwa kwa wengine moja kwa moja, wala kunyakuliwa na yeyote. Shule inasaidia, haichukui nafasi ya wazazi.

Maandiko Matakatifu yanatangulia kusema hivyo. Waisraeli waliagizwa kuwafundisha watoto wao amri za Mungu wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka (Kum 6:7). Tena, katika karamu ya Pasaka, ilitazamiwa kwamba mtoto atauliza maana ya ibada ile, na mzazi atamweleza jinsi Mungu alivyolikomboa taifa lake kutoka utumwani (Kut 12:26-27). Tutafakari vizuri: historia ya ukombozi wa taifa zima ilirithishwa mezani, wakati wa sikukuu, kwa swali la mtoto. Naye Bwana wetu, kabla ya kufundisha makutano, aliishi miaka mingi Nazareti akiwatii wazazi wake, na kila mwaka wazazi hao walipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu (Lk 2:41-52).

Wazee wetu nao hawakuwa mbali na hekima hiyo. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alikumbusha kwamba kabla ya kuja kwa wakoloni watoto wa Afrika, ingawa hawakuwa na majengo ya shule, walikuwa na elimu: walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda. Msichana alijifunza kando ya mama na bibi, mvulana kando ya baba na babu, na wote pamoja kando ya moto wakati wa hadithi na vitendawili.

Tusieleweke vibaya. Huko Marekani, ambako tangu mwaka 1993 majimbo yote 50 yanaruhusu jambo hilo, wapo wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani bila kuwapeleka shule kabisa. Hatupendekezi hivyo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi, na yeyote anayemnyima mtoto shule anamdhulumu. Tunachosema ni kwamba anayempa mtoto shule peke yake naye amempa nusu ya haki yake.

Darasa la jikoni na la shambani

Wazazi wengi hutuambia: “Baba Padre, sisi tuliishia darasa la saba, tutamfundisha nini mtoto?” Jibu letu ni kwamba mnamfundisha tayari, ila hamjui kama hayo ni mafundisho.

Mama anayepima vikombe vitatu vya mchele na kumwuliza binti yake maji yawe vikombe vingapi, anafundisha hesabu. Mtoto anayetumwa dukani na noti ya shilingi elfu mbili, akarudi na chenji na kuieleza, amejifunza kutoa na kujumlisha, na zaidi ya hayo amejifunza uaminifu. Anayechambua maharage ya mbegu pamoja na bibi yake anajifunza kutofautisha na kuchagua. Anayesomewa Injili ya Jumapili jioni ya Jumamosi, kisha akaombwa kuisimulia kwa maneno yake mwenyewe, anapata lugha, kumbukumbu na imani kwa pamoja. Serikali imesisitiza kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya mwanzo, nayo imefanya vema. Lakini kusoma kunaota haraka zaidi katika kichwa cha mtoto aliyezoea kusimuliwa hadithi, na hesabu huingia upesi katika akili ya mtoto aliyezoea kugawa mihogo kwa haki kati ya ndugu zake.

Tutaje mfano mmoja kutoka likizo ya Juni, wakati ambapo katika mikoa mingi mavuno yanaingia nyumbani. Baba na watoto wahesabu debe pamoja. Gunia moja ni debe sita. Je, tumepata magunia mangapi? Ni mangapi ya chakula mpaka mavuno yajayo, mangapi ya kuuza, debe ngapi za mbegu, na ni debe ipi itakayokwenda kwa mjane wa jirani? Kisha anakuja mnunuzi na gunia lake la lumbesa, lililoongezewa kichwa juu kwa wavu na kamba, akitaka kulipa bei ya gunia moja. Hapo mtoto na aelezwe kwamba lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, na kwamba nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliochezea vipimo ili kuwanyonya maskini (Am 8:4-6). Mtoto wa miaka minane ataelewa. Somo hilo la haki halitamtoka kichwani, kwa sababu ameliona kwenye jasho la wazazi wake.

Hata hivyo kuna mpaka. Kazi inayomfundisha mtoto ni ile inayolingana na nguvu zake, anayoifanya pamoja na wakubwa, inayomwachia muda wa kucheza na kupumzika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unatambua kwamba kupumzika na kucheza ni haki ya mtoto. Kumbebesha mtoto mzigo wa mtu mzima na kuuita malezi ni kujidanganya.

Majira ya mwaka ni kitabu

Kanisa limetupa kalenda ambayo yenyewe ni mtaala, na haidai ada. Katika Majilio mtoto hujifunza kungoja. Pale penye mvua za vuli, apande punje chache za maharage mwanzoni mwa Majilio, azitazame zikichipua, na aambiwe kwamba ahadi ya Mungu nayo hukua kimyakimya. Krismasi ni wakati wa kutengeneza pango kwa udongo na majani, bila kununua kitu. Ni wakati pia wa kuujua ukoo. Watu wa Kilimanjaro wanafahamika kwa desturi yao ya kurudi nyumbani mwezi Desemba, na desturi hiyo ni hazina: mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam huonyeshwa kaburi la babu, husikia lugha ya nyumbani kwao, na hujua yeye ni wa nani. Lakini hazina hiyo hupotea ikiwa safari nzima imekuwa ya kuonyesha magari na kushindana kwa vinywaji. Mtoto anayeona hayo naye amefundishwa.

Siku tatu baada ya Krismasi, tarehe 28 Desemba, tunawakumbuka Watoto Mashahidi waliouawa na Herode. Siku hiyo mzazi ana nafasi ya kumweleza mtoto kwamba hata leo wapo watoto wanaokimbia vita, kama Familia Takatifu ilivyokimbilia Misri. Katika Kwaresima mtoto hujifunza kujinyima: familia iweke kopo moja mezani, kila mmoja atie humo alichojinyima, na Pasaka ikikaribia watoto wenyewe wahesabu fedha hizo na kuzipeleka kwa mgonjwa wanayemfahamu. Mwezi Novemba wawasafishe makaburi ya marehemu wao na kuyataja majina yao katika sala. Mtoto aliyepitia mwaka kwa namna hiyo, miaka mitano mfululizo, atakuwa na katekisimu iliyoandikwa mikononi na miguuni mwake.

Nyumba hufundisha hata dhuluma

Sasa tuseme lililo gumu. Nyumba ambayo dada wa kazi hula peke yake jikoni mabaki ya mezani, akiitwa kwa ukali na mtoto anayemzidi kwa umri, inafundisha somo la ubaguzi kila siku mara tatu. Ikiwa dada huyo mwenyewe ni mtoto, dhuluma ni kubwa zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi tu. Nyumba ambayo baba hampi mama nafasi ya kusema inafundisha kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Nyumba ambayo watoto wa kiume hutumikiwa na dada zao inafundisha hivyo hivyo. Hakuna semina ya haki na amani itakayofuta kwa siku mbili yale ambayo mtoto ameyaona kwa miaka kumi. Samaki hukunjwa angali mbichi, na hukunjwa kwa upande wowote.

Wajibu wa jamii na wa Kanisa

Ingekuwa si haki kuwatwika wazazi mzigo huu na kuwaacha. Mama anayetoka alfajiri kuuza samaki na kurudi usiku, au baba anayelinda geti la mwenzake siku saba kwa juma, hawezi kuhubiriwa tu kwamba akae na watoto. Ujira wa haki na siku ya mapumziko ni sehemu ya malezi. Mwajiri Mkristo asiyempa mfanyakazi wake Jumapili amewanyang’anya watoto wa mfanyakazi huyo mwalimu wao.

Tunapongeza hatua ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2023 ya kuzuia huduma ya bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni wakati wa likizo. Sheria hizo zinatambua kwamba mtoto mdogo ana haki ya kuwa na watu wake. Lakini sheria haiwezi kumkalisha mzazi na mwanawe. Mtoto aliyetolewa bweni na kukabidhiwa kwa televisheni na simu hajarudishwa nyumbani bado.

Kanisa nalo lianze kwake. Shule zetu zisitafute njia za kuzunguka agizo hilo, wala zisidai ada ya masomo ya likizo kutoka kwa wazazi wanaoogopa tu kuachwa nyuma. Parokia zisijaze Jumapili kwa mikutano mfululizo hata viongozi walei wasionane na watoto wao. Na jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, ziwape watoto nafasi: wasome somo, waulize maswali, wazee wawasimulie habari za mahali walipotoka.

Kwa hiyo tunazisihi jumuiya zote, kabla ya likizo ijayo, zijadili pamoja mambo matatu. Je, watoto wetu watajifunza nini nyumbani, na nani atakuwa nao? Je, wapo kati yetu wazazi ambao kazi zao hazituachii nafasi ya kusema nao bila kwanza kuwasaidia, na jumuiya itawalindiaje watoto wao? Je, msichana wa kazi aliye katika nyumba zetu ataketi wapi siku ya Krismasi? Majibu ya jumuiya moja hayatafanana na ya nyingine. Lakini mezani pale, mahali atakapoketi yule msichana, watoto wote wa nyumba watakuwa wanatazama.